Koplo yuko Goma, mama yuko Tandahimba: uchambuzi wa kisa kimoja cha mawasiliano

Kisa hiki ni cha familia moja ya wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Mtoto wao, koplo wa Jeshi la Wananchi, alikuwa mashariki ya Kongo na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakati mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025. Alinusurika na amesharudi. Ila katika siku zile ambazo hakupatikana kwa simu, mama yake na mkewe walifikia hatua ya kutosalimiana, msiba wa mtu aliye hai nusura uwekwe, na mtoto wa miaka saba akaacha kushika simu ya baba yake. Aliyeniita ni mjomba wa askari, mwezi Februari. Kazi yangu ni ushauri wa familia hapa Mtwara, na familia imeniruhusu kuandika kwa sharti la kutotaja majina wala kijiji.

Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu huku kusini nyumba zenye mtoto jeshini ni nyingi, na kila nikiwasikiliza wenyewe lawama huishia kwenye mtandao. Kwa familia hii mtandao ulikatika kweli, tena bila uzembe wa mtu yeyote wa nyumbani. Lakini nikiyafuatilia maumivu yao siku baada ya siku, mengi yanatokana na mambo ambayo yangepangwa sebuleni kabla koplo hajafunga begi: nani apewe habari kwanza, yeye amwambie nani, na kimya kikija kichukuliwe vipi.

Watu wenyewe

Koplo ana miaka 31. Mkewe ni mama lishe, amepanga Chikongola, Mtwara mjini, na watoto wawili: wa kiume wa miaka saba na wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mama yake yuko kijijini, juu ya uwanda wa Makonde, anaishi kwa mikorosho na muhogo pamoja na binti yake wa mwisho. Mama ana kitochi chake, lakini meseji lazima asomewe. Simu janja ni ya binti, ya kioo kilichopasuka, na ndiyo iliyokuwa posta ya nyumba ile. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ni mzee aliyepigana vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.

Huyu mjomba asipitwe harakaharaka. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno lake kwenye jando, ndoa na maziko ya watoto wa dada yake. Kijana anayeishi mjini kwa mshahara anaweza kukaa miaka bila kuuhisi uzito huo. Siku ya shida unarudi wote. Koplo alipokuwa anajaza karatasi za safari alimwandika mkewe kuwa mtu wa kupewa taarifa, jambo la haki kabisa kwa mwenye ndoa. Hakumwambia mama, hakumwambia mjomba. Aliniambia baadaye kwamba hakuona la kuwaambia, maana aliihesabu kama karatasi nyingine yoyote ya kazini.

Kabla ya Januari

Aliondoka katikati ya 2024. Kwa mama, neno Kongo lilikuwa na tarehe ndani yake: 7 Desemba 2017, siku kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki iliposhambuliwa na idadi ya kwanza ya Watanzania waliouawa ikatangazwa kuwa 14. Aliisikia redioni akiwa anabangua korosho na hajaisahau. Kwamba kikosi cha mwanawe kilikuwa kingine, cha SADC, kilichoingia Desemba 2023 kikiwa na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, hilo halikumpunguzia kitu. Na watu wa Mtwara hawahitaji kufundishwa vita ni nini. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, na kushambulia Kitaya, mkoa huuhuu. Mama alikuwa na ndugu upande ule.

Goma ni mji mkubwa na simu zinapatikana, kwa hiyo miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Koplo alinunua laini ya Kongo. Jioni ambazo hakuwa lindo alimpigia mkewe. Goma iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na akishakula saa mbili usiku, Chikongola imefika saa tatu na mtoto kalala. Wakagundua njia ya meseji za sauti: baba anarekodi usiku, mtoto anasikiliza alfajiri na kujibu huku anavaa soksi za shule. Nimezisikiliza baadhi. Mtoto anaeleza nani kapigwa fimbo, nani kaleta ming'oko darasani, halafu anauliza, "Baba, na wewe umekula nini?" Baba anamjibu swali hilohilo kila mara kwa utulivu, kana kwamba ndilo swali kubwa kuliko yote aliyoulizwa siku ile.

Kwa mama alipiga Jumapili. Binti alimpeleka pembeni ya uwanja wa mpira ambako mnara unakamata vizuri, na mama alizungumza kwa sauti ya juu, watoto waliokuwa wanacheza wakasimama kusikiliza. Maneno yalikuwa yaleyale. Mvua imenyesha? Umekula? Korosho zimeingia mnada gani? Msimu ule bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye minada ya mwanzo, kwa hiyo cha kuzungumza kilikuwepo. Lakini mama mwenyewe aliniambia hivi: "Maneno sikuwa na haja nayo sana. Nilikuwa nasikiliza kifua chake, kama amepumzika au hajapumzika."

Sasa tazama kitu ambacho wakati ule hakuna aliyekiona kuwa ni tatizo. Hela ya mama ilipita kwa mkwe: koplo anatuma Chikongola, mkwe anakata ya nyumba, anaipeleka iliyobaki kijijini. Habari nazo zilipita njia hiyohiyo. Siku sita kati ya saba, mama alimjua mwanawe kwa alichoambiwa na mkwe, na mkwe alikuwa na sufuria jikoni, mtoto mgongoni, na wateja. Siku nyingine alisahau. Siku nyingine alisema tu, "Mzima, anasalimia." Mama akaanza kuhisi kwamba anapewa mabaki. Hakusema.

Jambo la pili ni mahali alipo. Mama akiuliza "uko wapi hasa?" jibu lilikuwa "nipo kazini, mama." Mkewe naye alijibiwa hivyohivyo, na aliniambia bila kuficha kwamba aliwahi kuhisi kuna mwanamke. Ni jambo linalostahili kuelezwa vizuri kwa kila familia ya askari. Katika vita vya Ukraine, siku ya mwaka mpya wa 2023, jengo lililojaa askari wa Urusi huko Makiivka lilipigwa kwa makombora, na Urusi yenyewe ilikiri vifo 89 na kusema sababu kubwa ilikuwa askari kutumia simu zao, adui akajua walipo. Askari anayemwambia mkewe "nipo kazini" analinda maisha ya wenzake wote wa kambi ile. Sio jambo jipya pia: barua za askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia zilifunguliwa na kukaguliwa kabla ya kufika kwa wazazi. Mjomba alilielewa hili bila kuambiwa na mtu. Laiti koplo angemwomba amweleze mama, ingechukua robo saa. Lakini mjomba hakuwamo kwenye mpango wa mawasiliano, kwa sababu mpango wenyewe haukuwepo.

Wiki ya mwisho ya Januari

Alhamisi, 23 Januari 2025, mapigano yakiwa yamefika Sake, karibu kabisa na Goma, mke alipokea meseji fupi ya sauti mchana: "Mama watoto, leo sitapiga. Nisalimie mama." Nyuma ya sauti kuna ngurumo. Mke aliichukulia kuwa radi, kwa kuwa hata Mtwara siku ile mvua ilikuwa inatishia. Ujumbe ule hakuupeleka kijijini. Hakuwa na sababu ya kudhani kwamba ni wa mwisho kwa muda.

Kuanzia hapo meseji zake zilibaki na tiki moja. Akipiga anaambiwa namba haipatikani kwa sasa. Jumatatu ya tarehe 27 wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa, umeme ukakatika, intaneti na simu zikawa za kubahatisha. Mjomba alihamia kwenye redio, akifuata idhaa za Kiswahili za nje asubuhi na jioni, na alichokisikia hakikumpa usingizi.

Halafu zikaja picha. Wanaokumbuka siku zile wanajua zilivyosambaa: maiti wenye sare, magari yaliyoungua, watu waliojisalimisha wakiwa na mikono juu. Nyingi hazikuwa na tarehe wala mahali. Pamoja nazo ikaingia orodha ya majina, imeandikwa kwenye simu na mtu asiyejulikana, ikidai ni ya askari wetu waliokufa. Jina la tatu lilikuwa na majina mawili ya koplo. Ni majina ambayo ukiyaita kwa sauti katika kijiji chochote cha Tandahimba watu wanne watageuka. Binti aliiona kwenye kundi la waliomaliza naye kidato cha nne. Hakuweza kumwambia mama. Alimwambia rafiki yake, rafiki akamwambia mama yake, na magharibi wanawake wawili waliingia uani wamejitanda kanga, wakakaa chini kwenye jamvi bila kusema neno.

Mama anasema hakuna aliyemwambia kitu. Aliwaona walivyokaa, akajua. Alianguka palepale mlangoni.

Mjomba alifika na bodaboda, akakuta watu wameshaongezeka na kuna aliyeulizia mwalimu wa madrasa. Alisimama katikati ya uwanja akauliza habari imeletwa na nani na ameileta na karatasi gani. Hakuna aliyejibu. Akasema, na wengi waliokuwepo wameyashika maneno haya: "Askari akifa wanakuja watu, wamevaa, wanaingia kwa mlango, wananiita mimi. Hawatumi picha." Akawashukuru wote waliokuja, akaomba isomwe dua ya salama na sio hitma, na watu waende makwao. Kwa maoni yangu uamuzi ule uliiokoa nyumba. Tanga lingewekwa, kungekuwa na watu wa kulisha, madeni, wageni kutoka Newala na Masasi, na mtoto wa miaka saba angeletwa kumlilia baba yake.

Lakini sikiliza tena alichosema: "wananiita mimi." Aliamini hivyo kwa dhati. Kwenye karatasi za koplo jina lake halikuwepo. Lingetokea la kutokea, watu waliovaa wangeingia mlango wa Chikongola.

Simu ya usiku

Siku chache baadaye, usiku, simu ya mke iliita kwa namba ya kigeni. Alikuwa askari mwenzake koplo. "Shemeji, jamaa yako mzima. Usimwambie mtu." Ikakatika. Hakuna kingine alichosema. Mke alikaa kitandani akalia mpaka watoto wakaamka, akawalaza, naye akalala usingizi wa kwanza tangu Alhamisi ile. Asubuhi aliwasha jiko kama kawaida. Alimpigia wifi yake jioni ya siku hiyohiyo, baada ya kufunga biashara.

Mama akachukua simu, akauliza swali moja: "Umejua lini?"

"Jana usiku, mama."

Mama akarudisha simu kwa binti yake. Hawakuzungumza tena hadi Machi.

Nimekaa na wanawake hawa wawili, kila mmoja peke yake, zaidi ya mara moja. Mke ananiambia: aliambiwa asimwambie mtu, na mtu aliyemwambia yuko vitani na anajua sababu. Alikuwa ameona wiki ile habari zinavyogeuka zikishafika kijijini. Orodha ilitokea kijijini, sio Chikongola. Aliogopa binti ataandika kwenye makundi kwamba kaka ni mzima, jina likajulikana, akawa hatarini. Akaona bora kungojea koplo mwenyewe apige. Alipoona siku inakwisha na hajapiga, akashindwa kuendelea kunyamaza. Mama naye ananiambia: "Usiku ule nilikuwa namwekea sanda mtoto aliye hai, na yeye alikuwa anajua." Sina jibu la kumpa mtu anayesema hivyo. Nilinyamaza na yeye akanyamaza.

Tarehe za mwanzo za Februari Jeshi lilithibitisha kuwa askari wake wawili walipoteza maisha katika mapigano yale. Afrika Kusini ilizika 14. Mtu asiye na ndugu kule husoma mbili akaona ni chache. Kwa siku zote ambazo majina hayajulikani, kila mama wa askari aliye Goma ana hisa katika hao wawili.

Ninavyokisoma kisa hiki

Ni rahisi kumlaumu mke, na kijijini walishaanza. Sikubaliani nao. Aliyemletea habari alitoa agizo la vita kwa mtu ambaye hakufundishwa vita. Yule askari alikuwa na maana ya mitandao na majirani. Mke alilishika kwa ukali wote, akamjumuisha hata aliyemzaa mume wake. Kosa la msingi lilitangulia miezi saba nyuma, pale koplo alipoondoka bila kuwaweka mkewe, mama na mjomba mahali pamoja na kuwaambia: habari zangu zikimfikia mmoja wenu, nyinyi watatu mnajulishana saa ileile, na haziendi kwa wa nne.

Kuna hili pia la kupiga kila siku. Wengi hulisifu, na najua kwa nini. Lakini simu ya kila jioni hujenga mazoea ambayo vita haiwezi kuyatunza. Siku ya kwanza ikikosekana, nyumba nzima imeshapaparika kabla hata ya habari mbaya. Askari akisema tangu mwanzo "nitapiga mara moja kwa wiki, na nikipitisha wiki mbili bado msihesabu kuwa nimekufa," anawapa watu wake kipimo cha kimya. Familia hii haikuwa na kipimo. Mke alianza kuhesabu Ijumaa, mama alianza Jumapili, mjomba alianza siku Goma ilipoanguka. Watu watatu, hofu tatu zisizokutana.

Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, alifanya kazi miaka ya 1970 na familia za wanajeshi waliopotea Vietnam, na aliandika kuhusu hali ya kumkosa mtu bila kujua kama yupo au hayupo. Alionyesha kwamba hali hiyo hukaa vibaya kuliko msiba wenyewe, kwa sababu haina mahali pa kuanzia wala desturi ya kuisindikiza. Nilipokuwa namsikiliza mama nilielewa kwa nini wale wanawake wawili walikaa kwenye jamvi. Tuna desturi ya kifo, na tunaijua vizuri: nani akae wapi, nani apike, siku ngapi. Desturi ya kungojea hatuna. Kijiji kilishika iliyopo. Nataka hili lieleweke kwa upole, kwa sababu wale wanawake wawili walisemwa vibaya sana baadaye, na walikuja kwa mapenzi.

Mtoto ndiye aliyenichukua muda mrefu zaidi. Mama yake alidhani amesusa simu ya baba kwa uchovu. Nilimwomba tukae tuiangalie simu pamoja, mimi na yeye, na akanionyesha mwenyewe: katika siku za kimya alirekodi meseji kumi na moja. Katika ya kwanza anasimulia shule. Katika ya nne anauliza kama baba amekasirika. Katika ya mwisho anasema ameacha kulia usiku, kwa hiyo baba anaweza kujibu sasa. Zote zilikuwa na tiki moja. Watu wazima walijua maana yake, kwamba meseji haijafika. Yeye hakujua. Aliamini zimefika na baba amenyamaza. Hakuna aliyemweleza kwa sababu hakuna aliyejua kama anarekodi.

Nikampelekea koplo ujumbe kupitia mkewe: usimpe zawadi, usimwahidi baiskeli. Zisikilize zote kumi na moja, uzijibu moja moja kwa mpangilio, na ile ya nne uijibu kwa jina lake kwamba hukukasirika. Alifanya hivyo kwa wiki mbili, kila alipopata mtandao. Kwenye jibu la sita mtoto akaanza tena kuzungumza.

Kikao kwa mjomba

Mapema Machi tulikaa nyumbani kwa mjomba. Mke alipanda gari kutoka Mtwara na watoto. Alipofika alipiga magoti kumwamkia mama mkwe, mama akaitikia shikamoo na kumpokea mtoto mdogo, basi. Mjomba hakuanza na nani kakosa. Alianza na Kagera: alivyoandika barua akiwa kambi moja, jibu likamkuta kambi ya tatu, na dada yake, huyu mama wa koplo aliyekuwa msichana mdogo wakati ule, akimwambia mama yao kila jioni kwamba kaka hajafa, bila ushahidi wowote. "Wewe uliningojea," alimwambia. "Na huyu mwanao mwingine amekuwa anangojea vilevile, tena peke yake." Nadhani sentensi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mashauri yangu yote.

Koplo aliunganishwa kwa simu kwa dakika chache. Bado walikuwa kambini, M23 wakiwa wameushika mji, na alizungumza kwa kubana. Walichokubaliana kilikuwa kidogo na cha kushikika. Akiweza kuongea anapiga mara moja kwa wiki, kwa mke au kwa mama, zamu kwa zamu. Asipoweza, anabipu tu, na kubipu kuna maana moja: nipo. Aliyebipiwa anampigia mjomba hapohapo, hata kama ni saa nane ya usiku, na mjomba ndiye anayewaambia waliobaki. Hela ya mama inaenda kwenye namba ya mama. Binti aliomba mwenyewe kutoka kwenye makundi mawili, na mjomba akamwambia abaki kwenye moja ili ajue uongo unaoenea, ila ausome bila kuupeleka kwa mtu. Kuhusu karatasi, koplo aliahidi kuomba namba ya mjomba iwekwe ya pili baada ya ya mkewe. Mke alisema amefurahi. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa amebeba mzigo wa kuwa mtu pekee wa kupokea habari mbaya, na hakuwahi kumwambia mtu jinsi anavyoogopa kila hodi ya asubuhi.

Mama aliuliza swali moja tu kwenye kikao: akibipu mtu mwingine kwa simu yake je? Koplo akacheka, mara ya kwanza kusikika akicheka tangu Januari. Wakakubaliana abipu mara mbili.

Baada ya hapo

Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC walimaliza muda wa kikosi, na kuanzia 29 Aprili msafara wa kwanza uliondoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato. Katika wiki zile za kungoja, utaratibu ulifanya kazi kwa kiasi kikubwa. Mara moja mke alichelewa kumpigia mjomba kwa kuwa simu ilikuwa imezima chaji, na mjomba akamkaripia. Mara moja kimya kilipita siku kumi. Mama hakulala vizuri, lakini hakuna aliyekuja kukaa kwenye jamvi, na binti alipoletewa picha nyingine alimjibu aliyeileta kwamba wanangojea kubipiwa.

Amerudi. Anakula, anacheza na mtoto, anakaa muda mrefu nje usiku. Aliyoyaona kule hajayasema kwa mtu wa nyumbani, na nimewaomba wasimchimbe. Yupo mtu wa hospitali anayezungumza naye, na hilo ni jambo lake na lina muda wake.

Mama na mkwe wanaongea. Likizo ya Juni watoto walipelekwa kijijini wakakaa, na mama aliwapeleka mwenyewe pembeni ya uwanja wa mpira kumpigia mama yao. Kufika Chikongola bado hajafika. Mjomba anaona yaliyobaki ni ya wanawake wawili wenyewe na tuwaachie, na kwa hilo nakubaliana naye.